Nusu ya Dukicha

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, na Nyevu alimaliza kuisoma kabla karani hajarudi kwenye kiti chake. Akatoka nje ya ofisi ya ardhi ya Hola, akaketi kwenye ukingo wa veranda penye kivuli, akaisoma tena, safari hii akifuata kila neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Maneno hayakubadilika.

Alikuwa ametumwa na watu wawili. Kaka yake, Josiah, alimtuma kwa sababu alitaka kuuza. Hawa, mjane wa Dukicha, alimtuma kwa sababu shemeji yake, Galgalo, naye alitaka kuuza. Shamba lilikuwa moja, ekari kumi na nane kando ya mto Tana, si mbali na Tarasaa. Thoya, baba yao Nyevu na Josiah, alilinunua mwaka wa sabini na tisa pamoja na rafiki yake Dukicha. Thoya alikuwa Mgiriama mkulima, Dukicha Muorma mwenye ng'ombe. Mmoja alitaka udongo mweusi wa kando ya mto, mwenzake alitaka malka, ile njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni kunywa maji kiangazi kikishika. Wakalima na kunywesha pamoja karibu miaka ishirini, mahindi kulia na kushoto, njia ya ng'ombe katikati, na hakuna mtoto wa nyumba yoyote kati ya hizo mbili aliyewahi kuwasikia wakigombana.

"Wewe ndiye uliyesoma," Hawa alikuwa amemwambia. "Nenda ukatuangalizie wazee wamelala vipi kwenye hicho kitabu cha serikali. Ukirudi utuambie tunaachana vipi kwa uzuri."

Kweli Nyevu alikuwa amesoma. Alikuwa amemaliza chuo cha uhazili Mombasa, na sasa mwaka wa pili alikuwa akipiga taipu kwa wakili mmoja mjini Malindi. Kesi za mashamba ya ubia alizipiga taipu mpaka akaota maneno yake. Kwenye lori la kwenda Hola alijipangia kichwani atakavyowaeleza. Wenye shamba moja wakichokana, wanaweza kukubaliana wakamwita mpimaji akalikata. Au mmoja amnunulie mwenzake sehemu yake. Au wauze lote, kila mtu achukue chake. Wakishindwa kuelewana, yeyote kati yao aweza kwenda mahakamani, hakimu akate yeye au aamuru liuzwe.

Lakini mambo hayo yote yalikuwa ya watu wenye hisa, na kwenye karatasi ile hapakuwa na hisa. Thoya na Dukicha hawakuandikwa nusu kwa nusu, wala robo kwa robo tatu. Waliandikwa kuwa wenye mali yote kwa pamoja bila mgao. Watu walioandikwa hivyo, mbele ya sheria, ni kama mtu mmoja mwenye majina mawili. Mmoja akifa hakuna urithi. Jina lake hupigwa mstari, na aliyebaki hubaki na lote.

Dukicha alikuwa amefariki mwezi wa Januari, baada ya mafuriko ya El Nino, kwa ile homa iliyoanza kwa mbuzi na ng'ombe ikaishia kwa watu. Sasa ulikuwa mwezi wa Julai. Miezi sita mizima Hawa alikuwa akilitazama shamba lile akidhani nusu yake ni ya mumewe, na kumbe hana hata shina moja la nyasi.

Nyevu aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kitabu, akaenda kutafuta gari la kurudi.

*

Alimkuta Josiah akikanyaga udongo wa kuta. Nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na maji pamoja na ghala, na tangu hapo mkewe na watoto wanne walikuwa wamejibana kwa wakwe zake huko Garsen. Wiki mbili zilizopita alikuja tajiri mmoja kutoka Malindi, akatembea shambani na viatu vyake vizuri, akasema yuko tayari kulinunua lote, kwa sharti moja, ng'ombe wasipite tena.

"Haya, mwanasheria," Josiah alisema bila kutoka kwenye udongo. "Tunakata au tunauza?"

Nyevu alimpa karatasi. Josiah alijipangusa mikono kwenye kaptura, akaisoma, akairudisha.

"Sielewi. Yetu iko wapi hapa na yao iko wapi?"

Akamweleza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi Josiah asogee ili asikie. Alipomaliza, kaka yake alikuwa angali amesimama kwenye udongo.

"Kwa hivyo ni letu lote."

"Ni la baba."

"Na baba akifa?"

"Ni letu."

Hakuna aliyetaja kifua cha baba. Thoya alikuwa amekaa siku mbili ndani ya maji wakati wa mafuriko, akiwaokoa watu wa jirani, na tangu hapo kikohozi hakikumtoka. Mwezi wa Mei daktari alimwita Josiah kando, akamwambia ampeleke mzee nyumbani.

"Nani mwingine anajua?" Josiah aliuliza.

"Mimi na wewe."

Josiah alianza kukanyaga tena, polepole. "Sikiliza, Nyevu. Mimi sikuambii useme uongo. Mimi si mtu wa hivyo. Nakuambia unyamaze tu. Na kunyamaza ndiyo kazi unayoijua tangu utotoni. Hata mwalimu alikuwa akikuuliza jina lako unatazama chini."

Alisema akicheka kidogo, kama kaka anavyomtania dada yake. Nyevu alitazama chini.

*

Alinyamaza siku mbili. Alimpikia baba yake uji, akamwinua anywe, akamlaza. Siku ya tatu mzee alitaka kukaa nje, Nyevu akamtandikia mkeka ukutani upande wa kivuli.

"Yale mahindi ya kule chini mtayavuna lini?" Thoya aliuliza. "Msichelewe. Dukicha anapenda yakiwa mabichi bado. Mpelekeeni gunia la kwanza."

Nyevu alishituka tena. Hii haikuwa mara ya kwanza. Akili ya baba yake ilikuwa nzima. Alijua siku za wiki, alijua majina ya wajukuu wote. Ila Dukicha alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo kwa Waislamu, na wakati ule maji yalikuwa yamekata kila njia. Thoya alipata habari baada ya siku kumi na moja. Hakumwona maiti, hakurusha mchanga, hata kaburi hakulijua lilipo. Tangu hapo alimtaja rafiki yake kama mtu aliyehamisha ng'ombe tu na atarudi mvua zikikatika.

"Baba," Nyevu alisema. "Siku mlipoandikisha shamba, karani aliwauliza nini?"

Uso wa mzee ulichangamka. "Aa, yule. Alikuwa kijana mwembamba, ana kalamu mbili mfukoni. Alituuliza, kila mmoja ana kiasi gani? Dukicha akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukamwambia, bwana, sisi hatujaja kugawana, tumekuja kununua. Akasema lazima aandike. Dukicha akakasirika. Akamwambia, kwetu wanaogawa mali ni watoto, na wanaigawa baba amekwisha kuzikwa. Wewe unataka tugawe tukiwa hai, umeona nani kati yetu anakufa kesho? Na mimi nikasema, hata kwetu ni hivyo. Mtu akikutajia sehemu yako, amekuonyesha mlango." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Nyevu akamshika mgongo mpaka kilipotulia. "Karani akasema, basi, nitawaandika kama mlivyo. Tukatia dole gumba. Siku hiyo tulikunywa chai na mandazi mpaka tumbo likauma."

Ndipo Nyevu alipomweleza jinsi karani alivyowaandika, na maana yake.

Thoya aliegemea ukuta. Kuku walipita mbele ya mkeka, wakarudi.

"Yaani sisi ndio tumemnyang'anya Hawa," alisema mwishowe. "Mimi na Dukicha mwenyewe."

"Hamkujua, baba."

"Josiah anajua?"

Nyevu aliitikia kwa kichwa. Mzee alifumba macho. "Haya. Niambie kunafanywaje."

Akamwambia kidogo kidogo. Kwanza apeleke cheti cha kifo cha Dukicha, jina lake lifutwe, shamba liwe la Thoya peke yake. Halafu Thoya ampe Hawa nusu, kwa hiari yake, mbele ya bodi ya ardhi inayotoa idhini. Nusu hiyo yaweza kukatwa iwe shamba jingine, au shamba libaki moja na kila mtu aandikwe hisa yake.

"Na nikifa katikati?"

"Kama jina limefutwa na hujampa, ni letu sisi."

"Nenda kwa Hawa," Thoya alisema. "Mwambie yote. Usimpunguzie."

*

Kijiji cha kina Hawa kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka mtoni, mahali palipoinuka. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe saba, na kabla ya homa walikuwa arobaini. Hawa alimtandikia Nyevu ngozi, akampa maziwa, akamsubiri anywe. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini na mitano, asiyeharakisha jambo. Kando yake aliketi Galgalo, mdogo wake marehemu, fimbo magotini.

Nyevu alisema yote, macho yake kwenye kibuyu. Alipofika kwenye cheti cha kifo, Galgalo alicheka kwa pua.

"Binti Thoya, mimi Kiswahili yangu ni ya kuuza ng'ombe, labda sikusikia vizuri. Hii cheti ndiyo inaondoa jina ya ndugu yangu?"

"Ndiyo, ami."

"Na kama hatutoi, jina inakaa?"

"Linakaa. Lakini halina nguvu. Ni jina tu."

"Jina tu ni kitu. Leo tuko na jina, kesho tunakupa cheti, hatuna jina, tuko na mzee mgonjwa. Mzee akilala asiamke, tunadai nani? Tunadai wewe?"

Nyevu aliweka kibuyu chini. "Ni kweli," alisema. "Mtakuwa hamna kitu isipokuwa neno la baba."

"Huyu angalau hadanganyi," Galgalo alimwambia Hawa. "Mimi nasema tulikate lile shamba sasa, tuuze yetu, tununue ng'ombe. Tuachane na Wagiriama kwa amani."

"Utalikata wapi?" Hawa aliuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema.

"Katikati. Nusu juu, nusu chini."

"Umekwenda mtoni tangu maji yapungue?"

Galgalo aliigeuza fimbo magotini.

"Mimi nimekwenda," Hawa alisema. "Malka ya zamani imeliwa na mto. Ukingo umekuwa ukuta, ng'ombe akishuka anavunjika. Pamebaki mahali pamoja pa kushukia, kule chini kwenye ndizi za mzee Thoya. Ukilikata katikati, sisi tunapata ekari tisa zenye mto ambao ng'ombe hawawezi kuugusa. Na anayenunua nusu ile nyingine ataweka waya." Alimgeukia Nyevu. "Likibaki moja, na mimi nimeandikwa nusu, ng'ombe wanapita?"

"Wanapita popote. Kila mwenye hisa ana haki katika shamba lote, wala hawezi kuuza hisa yake kwa mtu wa nje mpaka mwenzake akubali kwa maandishi."

"Hata Josiah?"

"Hata Josiah. Hata..." Nyevu alimtazama Galgalo.

"Hata mimi," Galgalo alisema. "Sema tu, usiogope. Sheria imetufunga sote kamba moja."

Hawa aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Cheti kilikuwa kimekunjwa kidogo kuliko kiganja.

"Hawa," Galgalo alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Fikiri."

"Nimefikiri. Huyu mtoto angeweza kukaa kwao asiseme. Nani angetuambia?" Akakiweka mkononi mwa Nyevu, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mwambie mzee Thoya aharakishe."

*

Jina la Dukicha lilifutwa wiki ya kwanza ya Agosti. Nyevu aliona msajili akipiga ule mstari kwa rula, wino mwekundu, akaondoka kabla haujakauka. Bodi ya ardhi ilikuwa ikikaa Garsen mara moja kwa mwezi, na kikao kilikuwa bado siku kumi na tisa. Siku hizo Nyevu aliomba ruhusa kazini, akalala miguuni pa baba yake, akisikiliza pumzi. Josiah hakusema naye. Alimaliza kuta, akapaua, akaja jioni kumgeuza mzee upande wa pili, akaondoka. Tajiri wa Malindi alituma mtu mara mbili. Josiah alizungumza naye mbali, penye miti, na Nyevu hakujua walisemezana nini.

Siku ya bodi, ni Josiah aliyempakia baba yake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga kiunoni kwa leso ili asianguke, akaisukuma akitembea mpaka barabarani walikopata gari.

Chumba kilikuwa kidogo. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati na mafaili mbele yake. Hawa na Galgalo walisimama karibu na dirisha. Thoya alipewa kiti.

"Mzee," alianza mwenyekiti, "hapa nimeandikiwa kwamba unataka kumpa mama huyu hisa katika shamba lako. Huuzi?"

"Siuzi."

Mjumbe mmoja wa pembeni alitikisa kichwa. "Mzee wangu, huku kwetu watu wanatoana macho kwa hatua mbili za shamba, wewe unagawa bure?"

"Si bure," Thoya alisema. Pumzi ikamkatika.

"Watoto wako wanajua?" mwenyekiti aliuliza. "Binti, wewe unakubali?"

"Nakubali."

"Sema kwa sauti, hatusikii."

Nyevu aliinua uso. Watu wote walikuwa wakimtazama. "Nakubali," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Shamba walinunua wawili. Nimeiona karatasi ya kwanza kwa macho yangu."

Mwenyekiti aliandika. Hakumwuliza Josiah bado. Alimrudia Thoya. "Basi tutajie wewe mwenyewe, mzee, ili iandikwe. Unampa kiasi gani?"

Thoya alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mzee? Kiasi gani?"

Thoya aligeuka. Alitazama kiti kilichokuwa kitupu kando yake, kana kwamba pangekuwapo mtu wa kumtazama, naye amtazame, halafu wakatae pamoja. Nyevu alielewa. Kulitaja lile neno ni kumtajia Dukicha sehemu yake. Ni kukubali kwamba mmoja wao amekwisha kuzikwa.

"Mzee amechoka," alisema mjumbe wa pembeni. "Arudi mwezi ujao."

"Sheria ni kwamba mwenye shamba aseme mwenyewe," mwenyekiti alisema, si kwa ukali. "Siwezi kuandika jambo ambalo halikusemwa. Mpelekeni nyumbani apumzike. Tutakutana Septemba."

Alishika kalamu yake, akaifunga. Galgalo aligeukia dirisha. Hawa hakusogea. Hapakuwa na mtu chumbani asiyesikia kile kifua, wala asiyejua kwamba Septemba ilikuwa mbali. Mwenyekiti alivuta faili jingine.

Josiah alitoka ukutani alipokuwa ameegemea. Alipiga goti mbele ya kiti cha baba yake, akaishika mikono yake yote miwili. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado na udongo kwenye kucha.

"Baba," alisema. "Sema tu. Hatakasirika."

Thoya alimtazama mwanawe.

"Amekufa, baba. Januari. Sisi tuko hapa na wewe. Sema."

Gari moja lilipita nje.

"Nusu," Thoya alisema.

Mwenyekiti alifungua kalamu tena. "Nusu ya nani, mzee?"

"Ya Dukicha." Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni bila kelele. "Mwandikieni Hawa. Nusu ya Dukicha."

"Na wewe kijana," mwenyekiti alimwuliza Josiah, ambaye alikuwa bado amepiga goti, "umekubali?"

"Umenisikia," Josiah alisema.

*

Nje, jua lilikuwa kali. Nyevu alishikilia karatasi ya idhini kwa mikono miwili, akaogopa hata kuikunja. Hawa alimwendea Thoya aliyekuwa ameketishwa kwenye ngazi, akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji," alisema, "umechoka. Rudi nyumbani ulale."

Thoya alitikisa kichwa. Alimtafuta mwanawe kwa macho, na Josiah akaja.

"Sitaki nyumbani kwanza," mzee alisema. "Nipeleke kwa Dukicha."

Josiah alimtazama dada yake, kisha akamwinua baba yake, mwepesi kama mtoto. Waliposhuka kwenye gari, alimpandisha tena kwenye baiskeli, akamfunga leso kiunoni. Galgalo alishika upande mmoja wa usukani bila kuombwa. Wakaondoka taratibu wakifuata njia ya ng'ombe, na Hawa akatangulia mbele yao, kuwaonyesha kaburi liko wapi.